Aina Moja Majina Manne, Jina Moja Aina Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Uyoga wa Msituni

Kisa hiki kilitokea katika msitu mdogo wa mialoni, mibetula na misonobari michache. Jina la msitu, la kikundi na mwaka vimeondolewa, na wahusika nimewaita kwa kazi zao tu: Mratibu, Mgeni, Mpigapicha. Mimi nilikuwa mhakiki wa rekodi. Kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki ni langu, na nitalionyesha likifika mahali pake.

Usuli

Watu 11 walijitolea kuorodhesha uyoga wa msitu huo katika majira ya majani kupukutika. Orodha ingemsaidia msimamizi wa msitu kuamua ni visiki gani viachwe vioze na miti gani isiguswe. Wawili kati yao walikuwa na uzoefu wa miaka mingi; waliobaki walikuwa wageni wenye macho mazuri na hamu kubwa.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Anayeona uyoga anaupiga picha kwa simu, kisha anajaza fomu: rangi ya kofia, upana wa kofia, urefu wa shina, mahali ulipoota. Sampuli hazikuchukuliwa isipokuwa kwa nadra, kwa nia njema ya kutouharibu msitu. Fomu haikuuliza hali ya hewa ya siku zilizotangulia, haikuuliza umri wa uyoga, wala haikuwa na nafasi ya kueleza kilicho chini ya kofia, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangana kama matamvua ya samaki. Nitaviita matamvua hapa.

Rangi ya kofia ndiyo iliyokuwa safu ya kwanza ya fomu hiyo. Mtu hutazama kile anachoulizwa, na hawa waliulizwa rangi.

Jambo la kukumbuka kabla ya kuendelea ni kwamba kuvu chenyewe ni mtandao wa nyuzi ndani ya udongo au ndani ya mti, na kinaweza kuishi huko miaka mingi. Uyoga tunaouona ni kiungo chake cha kutawanya spora, yaani chembe ndogo za uzazi, kiungo cha siku chache, na takriban asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Kitu cha namna hiyo kikikosa maji siku mbili, sura yake haiwezi kubaki ileile.

Ziara mbili za kwanza

Ziara ya kwanza ilikuja baada ya wiki nzima ya manyunyu. Chini ya mialoni, kwenye eneo lisilozidi sakafu ya chumba, kikundi kilikuta uyoga mdogo wa zambarau iliyokolea, kofia, shina na matamvua vyote rangi moja, na matamvua yenyewe manene yaliyoachana. Mmoja wa wazoefu aliutambua papo hapo: Laccaria amethystina. Hakukosea.

Siku 12 baadaye, baada ya upepo mkavu, walirudi. Zambarau haikuwepo. Palepale palikuwa na uyoga wenye kofia za kijivu cha udongo, ukaandikwa Laccaria laccata, spishi ya karibu na ile ya kwanza. Hatua mbili pembeni palikuwa na kofia karibu nyeupe, kingo zake zimepasuka vigamba vidogo. Huo ukaandikwa "haujatambuliwa, mweupe". Mgeni naye akaona mmoja wa waridi iliyochanganyika na kahawia, akauandika peke yake. Kwa hiyo kijisehemu kimoja cha msitu kilikuwa na mistari minne kwenye jedwali.

Siku hiyohiyo uyoga mkubwa mwekundu usio na vipele vyeupe uliandikwa kuwa Russula, uyoga wa kundi jingine kabisa. Ulikuwa Amanita muscaria uliooshwa na mvua. Vile vipele vyeupe ambavyo kila mtu anavifahamu kwenye picha havikuota kwenye kofia. Ni mabaki ya ngozi iliyoufunika uyoga mzima ulipokuwa kama yai, na mvua kubwa inaweza kuvisafisha vyote. Hilo lilirekebishwa kwa urahisi kwa sababu mtu alikuwa ameokota shina. Shina la Russula hukatika kama chaki, maana nyama yake imejaa seli za mviringo. Shina hili lilichanika kwa nyuzi.

Jedwali liliponifikia, mistari ile minne ya Laccaria ilinitia shaka. Nikawaandikia sentensi mbili: "Uyoga hubadilika. Msiigeuze kila rangi ya kofia kuwa spishi mpya." Kila neno hapo ni kweli. Nilijiona nimefundisha.

Uamuzi wa kwanza: vijiti 12

Mratibu hakuridhika na kauli yangu, na alikuwa na haki. Alitaka kujua nina uhakika gani. Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka sampuli maabara wasome sehemu ya DNA iitwayo ITS, ambayo tangu 2012 ndiyo alama rasmi ya kutambulisha kuvu. Ingetupa jina, lakini ingechukua wiki kadhaa, na isingewaonyesha wageni *jinsi* uyoga unavyobadilika, jambo ambalo ndilo lililowapoteza.

Tukachagua ya pili. Mvua iliporudi na uyoga mpya kuchipua palepale, Mpigapicha alichomeka vijiti 12 vyenye namba, kila kimoja kando ya uyoga mmoja, akawa anaupiga picha kila asubuhi kwa siku tisa, juu na chini, kwa kutumia kioo kidogo kilicholazwa chini ya kofia ili asiung'oe.

Siku ya kwanza uyoga 11 kati ya 12 ulikuwa wa zambarau. Siku ya tatu ya ukavu kofia zilianza kupauka. Siku ya sita nyingi zilikuwa rangi ya udongo mkavu, na namba 4 na namba 7 zilikuwa zimepasuka vigamba kingoni, zikifanana kabisa na ule "haujatambuliwa, mweupe". Chini ya kofia, hata hivyo, matamvua yalikuwa bado ya zambarau. Matamvua huchelewa kupoteza rangi, na hicho ndicho ambacho picha za kutoka juu haziwezi kukuonyesha. Namba 2 ililiwa na konokono. Usiku wa siku ya saba ilinyesha, na asubuhi kofia zilikuwa zimekoza tena. Hazikurudia zambarau ya siku ya kwanza, zilikuwa na rangi ya mvinyo uliomwagika juzi.

Halafu kulikuwa na namba 9. Ule ulikuwa wa waridi na kahawia tangu siku ya kwanza, matamvua yake rangi ya nyama, na haukuwahi kuwa na zambarau popote, ukiwa umelowa wala ukiwa mkavu. Tulipoweka spora zake chini ya hadubini tulikuta miiba mifupi kuliko ya jirani zake. Hiyo ndiyo ilikuwa Laccaria laccata ya kweli, ikiota katikati ya nyingine.

Uyoga wa Mgeni, kwa maneno mengine, ulikuwa wa namna hiyo, na alikuwa tayari ameomba ufutwe kwenye jedwali kwa sababu ya zile sentensi zangu mbili. Nililiona hilo, nikacheka, nikapita. Ilikuwa ishara, na sikuisoma.

Kisiki

Wiki mbili baadaye kikundi kilifika kwenye kisiki cha mbetula kilichofunikwa na uyoga kwa mamia, vishada juu ya vishada. Kofia zilikuwa na rangi mbili: katikati njano iliyopauka, ukingoni utepe wa kahawia wenye maji. Hiyo ni sura ya kawaida ya Kuehneromyces mutabilis, ambayo hukauka kuanzia katikati kuelekea nje. Wazoefu wote wawili walikubaliana.

Mpigapicha, ambaye siku tisa za kulala chini na kioo zilikuwa zimemnoa macho, alinitumia picha na ujumbe: "Mwalimu, upande mmoja wa kisiki naona kama shina ni tofauti. Au ni macho yangu?"

Nikamjibu ndani ya dakika moja: "Ni ukavu huo. Spishi hii kofia zake hubadilika sana."

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Aliniuliza habari za shina, nikamjibu habari za kofia.

Mmoja wa wanakikundi aliomba kuchukua kikapu kimoja akapike, kwa kuwa spishi hiyo huliwa. Mratibu alimkatalia. Hakuwa na shaka yoyote juu ya kisiki. Alikuwa na kanuni kwamba hakuna kinachotoka msituni kwenda jikoni kabla kielelezo kizima, pamoja na kitako chake, hakijakaguliwa mkononi. Aliyekataliwa alinuna kidogo. Mpigapicha naye, bila kuambiwa na mtu, aling'oa sita kutoka pande mbalimbali za kisiki, akaweka kila mmoja kwenye shimo lake la trei ya mayai ili isichanganyike.

Mezani tofauti haikuhitaji mtaalamu. Mashina manne yalikuwa na magamba madogo meusi chini ya pete, ule ukanda mwembamba unaozunguka shina. Mawili hayakuwa na magamba hata moja. Yalikuwa na nyuzi nyembamba za rangi ya fedha zilizolala juu ya kahawia. Kofia zake, ukizitazama kutoka juu, zilikuwa sawa na nyingine.

Tulilaza kofia zote juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, tukazifunika kwa bilauri usiku kucha ili zidondoshe spora. Nilitegemea jibu litoke hapo. Halikutoka: zote sita ziliacha unga wa kahawia. Chapa ya spora ilitusaidia kuondoa uyoga wa kisikini wenye spora nyeupe, kama Armillaria, basi. Hadubini, kwa ukuzaji wa mara 1000, ndiyo iliyokata shauri. Manne yalikuwa na spora laini zenye kitundu nchani. Mawili yalikuwa na spora zenye chunuchunu, bila kitundu.

Mawili yale yalikuwa Galerina marginata. Sumu yake ni amatoksini, zilezile zilizomo katika Amanita phalloides, uyoga unaojulikana kwa kuua watu. Dalili huchelewa, kwa kawaida kati ya saa 6 na 24, kisha mgonjwa huweza kupata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika. Aliyenyimwa kikapu angeweza kula usiku, akaamka asubuhi mzima, akatuambia uyoga ulikuwa mtamu.

Uamuzi wa pili

Jioni hiyo nilimpigia simu Mratibu kwanza, kisha tukawaandikia wote. Mstari wa kisiki uligawanywa kuwa miwili. Hilo halikuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye rekodi za nyuma. Jedwali lilikuwa na Kuehneromyces nyingine kadhaa, zote zimetambuliwa kwa picha za kofia kutoka juu. Nilipendekeza zote ziandikwe "haijathibitishwa". Mratibu aliniuliza swali gumu: kama wazoefu wawili waliona visiki hivyo kwa macho yao, kwa nini kosa la kisiki kimoja liwaadhibu wote? Nilimjibu kwamba sipimi uaminifu wao. Ninapima kama picha ina kile kinachotenganisha spishi hizi mbili, na haikuwa nacho. Hata mimi nilikuwa nimeona picha ya shina nikapita. Alikubali shingo upande.

Matokeo

Orodha ilipungua kwa karibu robo. Baadhi ya majina yaliunganishwa, mengine yakashushwa kuwa jenasi tu, yaani jina la kwanza bila la spishi. Mawili yaliongezeka, Galerina na ile Laccaria ya Mgeni, ambayo ilirudishwa. Msimamizi wa msitu alipokea orodha fupi bila kulalamika. Wanakikundi wawili hawakurudi, na siwezi kusema ni kwa sababu hii.

Fomu iliandikwa upya. Rangi ya kofia ilihamishwa kutoka safu ya kwanza hadi ya saba, nayo ikawa maswali mawili: rangi ikiwa imelowa, na rangi ikiwa imekauka. Juu yake yakaja matamvua yameshikaje shina, kitako kikoje, nyama ikikatwa inabadilika rangi au la, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Picha zikawa tatu kwa lazima: juu, chini, na uyoga mzima uliochimbuliwa, si uliokatwa.

Uchambuzi

Mtu anaweza kusoma makosa haya mawili kama kinyume na kinyume: kwanza walitenganisha sana, halafu wakaunganisha sana, na dawa ni kukaa katikati. Siamini hivyo. Makosa yote mawili yalifanywa kwa njia ileile, ya kuitazama kofia na kuamua. Tofauti ni kwamba mara ya pili walikuwa na sentensi yangu ya kuwatuliza.

"Uyoga hubadilika" ni kauli isiyokusaidia kitu mpaka useme nini kimebadilika, na kimebadilishwa na nini. Maji huondoa na kurudisha rangi. Jua hufifisha, Amanita muscaria nyekundu huweza kuishia rangi ya chungwa au njano. Mvua huosha vipele. Uhaba wa hewa safi na mwanga hurefusha shina na kudumaza kofia, kama inavyoonekana kwa Pleurotus iliyoota ndani ya uvungu wa gogo. Spora zenyewe hupaka rangi: kofia ya chini kwenye kishada cha Armillaria huweza kuonekana imemwagiwa unga mweupe ulioanguka kutoka kofia ya juu yake, na Ganoderma hujipaka unga kama kakao mgongoni. Tena kuna tofauti za kuzaliwa ambazo hazina uhusiano na hali ya hewa: Amanita phalloides huwa na kofia ya kijani cha zeituni, ya njano hafifu au nyeupe kabisa, na Russula cyanoxantha huchanganya zambarau na kijani apendavyo muumba wake.

Kila sababu kati ya hizo ina mipaka ya kile inachoweza kufanya. Ukavu unaweza kuifuta zambarau ya Laccaria, na vijiti 12 vilituonyesha ukifanya hivyo mbele ya macho yetu. Ukavu hauwezi kusuka nyuzi za fedha juu ya shina. Kama ningejiuliza swali hilo moja, je, sababu ninayoitaja inaweza kuzaa tofauti ninayoonyeshwa, nisingemjibu Mpigapicha vile. Namba 9 ilikuwa imeshaniuliza swali hilohilo: ililowa kwa mvua ileile, ikakaushwa na upepo uleule, ikabaki na rangi yake.

Hapa lazima niwatendee haki wanaotegemea umbo la nje. Elias Fries, mtaalamu wa kuvu kutoka Sweden, alianza kuchapisha mpango wake wa kupanga kuvu mwaka 1821, akiwagawa wenye matamvua kwa rangi ya spora, na mgawanyo huo bado unatusaidia mezani leo. Spora hazipauki kwa upepo wa siku mbili kama kofia. Lakini hata sifa ngumu zina udhaifu: magamba ya shina la Kuehneromyces husuguka kwa vidole, kwa hiyo shina laini peke yake halithibitishi Galerina, kama magamba yaliyoonekana kwenye uyoga mmoja yasivyothibitisha kishada kizima. Wataalamu pia wamenaswa. Kwa miaka mingi Galerina hiyohiyo ilikuwa na majina kadhaa, miongoni mwake Galerina autumnalis na Galerina unicolor, kwa tofauti ndogo za kofia na mahali. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2001 haukuona sababu ya kuzitenganisha, zikarudishwa ndani ya Galerina marginata. Mistari minne ya wageni wetu ina ndugu wakubwa.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni trei ya mayai. Kama vielelezo sita vingetupwa kwenye mfuko mmoja, magamba yangesuguana, spora zingepakana, nasi tungekuwa na bonge la uyoga wa kahawia na hoja yangu ya ukavu juu yake. Kanuni ya Mratibu nayo ilifanya kazi kwa sababu haikumtegemea mtu kuwa na shaka. Siku ile hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa mmoja, na huyo nilikuwa nimeshamnyamazisha.

Kilichoshindwa, mbali na fomu, ni mimi kuhakiki kwa picha na kwa haraka. Sasa nikiulizwa kuhusu shina najibu kuhusu shina, au naomba nitumiwe.

Umebaki mstari mmoja. Ule "haujatambuliwa, mweupe" wa ziara ya pili haukung'olewa wala kupigwa picha chini. Namba 4 na 7 zilifanana nao mno, na ningeweka dau kwamba ni Laccaria amethystina iliyokauka. Mratibu ameniomba mara tatu niujaze jina ili jedwali lifungwe. Nimeuandika "Laccaria, haijathibitishwa", na ndivyo ulivyo mpaka leo.